Swali la Saba

Kwa kadiri kofia ilivyoweza kujua, Bi Mwanamvua alitaka kufa.

Ilikuwa siku yake ya sitini na moja katika chumba namba nne. Mwili ulikuwa umekakamaa tangu kiharusi kilipomwangusha jikoni kwake Pangani, macho yamefumba, mashine ikimvutia pumzi na kumtolea. Masikio tu ndiyo yalikuwa mazima. Hilo halikuwa na ubishi, na ndiyo sababu aliletwa Kituo cha Kusoma Nia, pale Raskazone, badala ya kulazwa hospitali ambako watu wangebaki kumkisia. Asubuhi ile Mwantumu alimkaza mkanda wa kofia chini ya kidevu, akavuta kiti, akakiacha, akabaki amesimama. Tangu aamke alikuwa hatulii popote, na sababu haijui.

"Shikamoo, Bi Mwanamvua. Ni mimi Mwantumu. Mashine hii inayokupumulisha, iendelee?"

Kwenye kioo juu ya kitanda nukta ya kijani ilitikisika, ikasogea kushoto, ikatulia huko huko. Mwantumu akaandika. Swali hilo lilikuwa limeulizwa mara arobaini kwa siku tatu, likichanganywa na maswali mengine ili akili isikariri, na mara thelathini na saba nukta ilikwenda kushoto. Wagonjwa wengine hubabaika, leo hivi kesho vile, na mtu huwaelewa. Huyu alikuwa kama msafiri aliyekwisha funga mizigo yake na kuketi juu yake.

Kofia haisomi mawazo, ingawa mjini ndivyo wasemavyo, na wapo wanaume wanaovuka barabara wakifika mbele ya kituo wasije wakasomwa nyumba ndogo zao. Kazi yake ni nyembamba kuliko hiyo: inaonyesha akili inaegemea upande gani. Mtajie mtu namba mbili, akili yake inaegemea kushoto kidogo kabla mwenyewe hajajua. Mtajie tisini, inahamia kulia. Na kizuri nacho kina upande wake, kama kibaya kilivyo na wake. Akili huweka inachokipenda upande wa mkono mwepesi na inachokichukia upande wa mkono mzito. Hakuna aliyefundishwa hivyo na mwalimu. Ni mkono wenyewe unaoifundisha akili, kwa miaka mingi ya kushika na kuangusha. Ukishajua pande za mtu, unaweza kumwuliza jambo, naye akakujibu bila ulimi.

Ndiyo maana kabla ya kofia kulikuwa na fomu. Ilikuwa na maswali kumi na mawili, na hujibiwa na ndugu. Swali la tatu liliuliza kama mgonjwa alianza kusoma shuleni au chuo cha Kurani, kwa sababu wazee walioanza na herufi za Kiarabu mara nyingi namba zao hukaa kinyume, ndogo kulia, kubwa kushoto. Swali hilo hawakuletewa na watengenezaji. Waliligundua wenyewe hapa Tanga, wakapongezwa sana, na barua ya pongezi bado ilikuwa imetundikwa mapokezi. Swali la saba liliuliza mgonjwa anakula kwa mkono gani. Wa kulia, alijibu Hadia, binti yake Bi Mwanamvua, kama walivyojibu ndugu wote waliomtangulia, hivyo kushoto kwa mama yake kukasomwa kuwa hapana.

Sheria ilitaka saini za wasomaji watatu. Wawili walikwisha weka zao jana. Mwantumu alimtazama yule mama, uso mpana uliokaukiwa jasho la miaka ya moto, akaweka ya tatu. Mashine ingezimwa siku hiyo hiyo, baada ya swala ya adhuhuri.

Ofisini kwake alitia karatasi ndani ya bahasha, akavuta utepe wa kufungia, akachukua mkasi uliokuwa mezani. Mkasi ukaukunja utepe badala ya kuukata, kama kawaida yake. Akaukata utepe kwa meno. Mkasi ule ulikuwa mzito, wa chuma cheusi, na kwa miaka minne haukuwahi kumkatia hata uzi, ila hakuna mtu angethubutu kuuondoa pale. Ulikuwa wa baba yake, fundi Mwinjuma, mshonaji wa Ngamiani. Mwantumu alipokuwa mdogo aliwahi kuuiba akatie nguo ya mwanasesere, kitambaa kikajikunja tu, naye baba akacheka mpaka akakaa chini, akamwambia mkasi wa fundi unamjua mwenyewe.

Fundi Mwinjuma alifia chumba namba mbili, kituoni hapa hapa. Mwantumu hakumsoma yeye, sheria hairuhusu kumsoma mtu wako. Alikaa nje kwenye benchi, wenzake wakatoka wakamwambia mzee amechoka, amekataa mashine. Nukta ilikwenda kushoto mara thelathini na tatu. Tangu hapo mama yake kila Ijumaa akimaliza kumsomea marehemu Yasini hufunga msahafu na kusema maneno yale yale, kwamba alisema mwenyewe. Husema kwa utulivu mkubwa. Mwantumu naye alijilaza juu ya maneno hayo kila siku ilipokuwa nzito.

*

Saa tatu na nusu Hadia alifika na bahasha ya hospitali mkononi na mtu mmoja nyuma yake, bibi mwembamba aliyejitanda kanga mpaka kidevuni. Akamtambulisha: Bi Somoe, aliyepika na mama yake miaka thelathini na mbili. Maana Bi Mwanamvua alikuwa mpishi wa shughuli. Kuanzia Pangani hadi Mkwaja hakuna arusi ya maana iliyoliwa bila yeye. Ami zake Hadia walikuwa njiani, na sanda ilikwisha nunuliwa. Hadia alisema hayo kwa sauti kavu ya mtu aliyelia yakamwisha.

Alikuwa na ombi moja. Alifungua kanga iliyokuwa imeviringishwa chini ya kwapa, akatoa mwiko mrefu wa mti wa mkwaju, mweusi kwa moshi na mafuta. Alitaka mama yake aushike mpaka saa itakapofika. Mwantumu alisema hakuna ubaya, akaupokea ili aufute kwa dawa, kwa kuwa ndiyo kanuni ya chumba.

Aliufuta upande mmoja, akaugeuza, kisha mkono wake ukasimama.

Mwantumu aliosha miko tangu ana miaka mitano, nyumbani, kwa shangazi, misibani, na kila mwiko aliowahi kuosha ulilika mahali pamoja. Mkono wa kulia ukikoroga, ni pembe ya kushoto ya mwiko inayosugua chungu, na baada ya miaka pembe hiyo huisha, mwiko ukabaki umekatika mshazari. Mwiko huu nao ulikuwa umekatika mshazari, umeliwa na sufuria mpaka karibu na shingo. Lakini pembe iliyoisha ilikuwa ya kulia.

Akaugeuza tena, labda ameushika nyuma mbele. Ule ulikuwa na tumbo upande mmoja na mgongo upande wa pili, haukuwa na namna ya kukoseka.

Alimwuliza Hadia, kwa sauti aliyojitahidi iwe ya kawaida, kama mama yake alikuwa akitumia mkono wa kushoto. Hadia alimtazama kama ametukaniwa marehemu kabla hajafa. Mama yake alikuwa mtu wa adabu, akasema, amekula kwa kulia, amepokea kwa kulia, amewalea wao saba hivyo hivyo, na aliyeleta maneno hayo aseme ni nani. Kisha akauchukua mwiko na kwenda kuulaza katika kiganja cha kulia cha mama yake, akavikunja vidole juu yake kimoja kimoja. Vidole havikushika, mwiko ukateleza. Bi Somoe akauwahi, akazunguka kitanda na kuuweka kiganja cha kushoto, upesi, bila kufikiri. Alipogundua Mwantumu anamtazama, akauondoa.

*

Kwenye ujia hapakuwa na kiti. Mwantumu hakukihitaji. Alikuwa akitembea hatua nne huku na nne huku, na Bi Somoe amesimama ukutani anatazama ndala zake.

"Bibi, nakuomba uniambie. Alikuwa akipikia mkono gani?"

"Mwanangu, hayo si ya kuulizwa siku kama ya leo."

"Ni ya leo hasa. Kofia imetwambia anataka kwenda. Lakini ikiwa mkono wake mwepesi ni wa kushoto, basi tumeisoma kinyume. Anatwambia anataka kubaki, nasi tunamzimia baada ya adhuhuri."

Mashine ya usafi ilipita ikiimba wimbo wake wa kijinga, wakaipisha. Kisha bibi akasema, polepole, kama anayetoa kitu kilichofungwa ndani ya mafundo mengi.

"Bibi yake alimpaka pilipili mkono huo, akamfunga kitambaa majuma matatu. Akajifunza kula. Akajifunza kupokea, kuamkia, kila kitu. Ila sufuria la mchele kilo hamsini halikorogwi kwa adabu, mwanangu. Linakorogwa kwa nguvu, na nguvu zake zilikuwa huko. Tulipika uani, nyuma ya turubai. Watu walidhani kazi yangu ni kukuna nazi. Kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni, mtu asiingie. Nani angekula pilau la mkono wa chooni? Nilimwapia sitasema mpaka kaburini."

Mwantumu alisimama. Kilichomsimamisha hakikuwa Bi Mwanamvua peke yake.

Fomu ilikuja kituoni miaka sita iliyopita kwa lugha ya waliotengeneza kofia, na yeye ndiye aliyepewa kuitia katika Kiswahili. Swali la saba, lilivyokuja, liliuliza mgonjwa anaandika kwa mkono gani. Aliona halifai. Nusu ya wazee wa pwani hawakuwahi kushika kalamu, lakini hakuna asiyekula. Akafuta neno moja, akaandika jingine, akajiona mjanja. Amekaa na watu hawa tangu kuzaliwa, amepigwa vidole yeye mwenyewe siku alipoingiza mkono wa kushoto sahanini, na bado aliandika swali ambalo jibu lake kwa watu wote wa mji huu ni moja tu. Hakuwa ameuliza mkono wa mtu. Aliuliza malezi, na malezi yote ya mji yalikuwa mamoja.

Bi Somoe alimuuliza kama anaumwa. Mwantumu alisema haumwi, akamshika mkono, wakarudi chumbani karibu wanakimbia.

*

Dakta Shemdoe, mkuu wa kituo, alikuja na kikombe cha chai mkononi, akasikiliza mpaka mwisho bila kunywa. Hakuwa mtu mbaya huyo, na ni vizuri isemwe mapema. Aliuliza swali la haki: mtu aliyefundishwa kwa nguvu kutumia kulia miaka yote hiyo, nani ajuaye kama akili yake haikuhama na mkono? Pengine mwiko unasema kushoto na akili inasema kulia. Kuugeuza usomaji kwa ajili ya kipande cha mti kungekuwa kubahatisha kwa mara ya pili.

Mwantumu alijibu kwamba hawatabahatisha. Watamtajia vitu ambavyo yupo mtu anayejua kwa hakika anavipenda au anavichukia, waone akili inakwenda wapi. Jambo hilo wangelifanya tangu mwanzo kwa kila mgonjwa, lakini lilichukua muda, na fomu ilichukua dakika kumi.

Ilikuwa saa tano na robo. Bi Somoe aliinama sikioni mwa rafiki yake, akasalimu kwanza, akaomba radhi kwa kuvunja kiapo. Hadia aliyasikia hayo akiwa amesimama miguuni pa kitanda, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogo kidogo. Kisha bibi akaanza kutaja, kimoja kimoja, Mwantumu macho kwenye kioo.

Iliki ikipondwa. Nukta ikaenda kushoto.

Wali ulioungua chini na wageni wamekwisha kaa. Kulia, kasi, mpaka ukingoni.

Vigelegele vya wanawake sufuria linapofunuliwa. Kushoto.

Mvua ya ghafla moto umeshakolea. Kulia. Jina la mwanamume mmoja wa Mkwaja, ambalo Bi Somoe alilitaja kwa kunong'ona akimwomba Hadia asisikie. Kulia kabisa, na Bi Somoe karibu acheke. Jina la Hadia. Nukta ikateleza kushoto, ikakaa huko muda mrefu kuliko zote.

Walitaja vitu ishirini na nne. Hakuna hata kimoja kilichokwenda kombo. Ndipo Mwantumu akauliza lile swali, kwa mara ya arobaini na moja, kuhusu mashine na kama iendelee.

Kushoto.

Hadia alikaa chini, pale pale sakafuni, amekumbatia mguu wa kitanda. Baada ya muda akasema, "Nimeshawaita ami zangu," kisha akarudia, kana kwamba hilo ndilo tatizo lililobaki. Bi Somoe alichukua mwiko, akauweka kiganja cha kushoto cha Bi Mwanamvua, na safari hii akauacha.

*

Ofisini kwa Dakta Shemdoe chai ilikuwa imepoa. Alimpa Mwantumu kiti, Mwantumu akakataa, akasimama dirishani, akaondoka dirishani, akasoma barua ya pongezi ambayo nakala yake ilikuwamo humu pia. Usomaji wa Bi Mwanamvua ulikuwa umefutwa. Swali la saba lingeondolewa kuanzia leo, na hapo hawakuwa na ubishi. Wagonjwa tisa wa ghorofa ya juu, ambao kofia ilisema wanataka kuendelea, wangesomwa upya kimya kimya juma hili, kwani huenda mmoja wao amekuwa akipiga kelele za hapana miezi na miezi na wao wanamwitikia ndiyo.

Walibaki wengine. Katika miaka sita watu mia mbili na watatu walikataa mashine kituoni hapa, wakazimiwa. Katika kila watu kumi, mmoja huzaliwa na mkono wa kushoto, afungwe kitambaa asifungwe. Hesabu hiyo Mwantumu alikwisha ipiga tangu yuko kwenye ujia, na ilimpa watu ishirini.

"Ishirini gani?" aliuliza Dakta. "Utawajuaje? Utagonga milango mia mbili kutafuta ishirini. Utamwambia mjane kwamba pengine mumewe alisema ndiyo nasi tukasikia hapana. Umempa nini? Huwezi kumrudishia mtu. Unamchukulia kile kimoja alichobaki nacho."

"Wana haki ya kujua."

"Haki ya kujua nini, Mwantumu? Pengine? Waliofariki wamezikwa na wakazikika. Walio hai tutawaokoa. Mimi sikuambii ufiche kwa ajili ya kituo, kituo wakifunge wakitaka. Nakuambia uwaonee huruma watu."

Na hapo ndipo Mwantumu aliposhindwa, kwa kuwa alimwelewa. Kama Dakta angekuwa mtu wa kulinda cheo chake, Mwantumu angemchukia ikawa rahisi. Alifikiria benchi la nje ya chumba namba mbili. Alifikiria Ijumaa, msahafu ukifungwa, na ule utulivu wa mama yake. Kama mtu angekuja mlangoni leo kuupunguza utulivu ule hata kwa neno moja la pengine, angemfukuza kwa ufagio. Akamwambia Dakta atafikiri. Dakta akamsogezea karatasi ya taarifa: kosa moja, mgonjwa mmoja, limerekebishwa. Alimwomba aisaini kabla ya kuondoka, kwa roho safi, kisha aende akalale.

Alirudi mezani kwake na karatasi ile. Aliona iko sawa. Kila neno lililokuwemo lilikuwa la kweli. Akaanza kutafuta kalamu, na kalamu ilikuwa ndani ya pakiti mpya iliyofungwa kwa nailoni ngumu, maana ile ya asubuhi alikuwa ameiacha chumba namba nne. Akachukua mkasi wa baba yake. Nailoni ikajikunja kati ya makali, kama utepe ulivyojikunja, kama kitambaa cha mwanasesere kilivyojikunja miaka thelathini iliyopita.

Mkasi wa fundi unamjua mwenyewe.

Mwantumu aliutazama mkasi. Aliutazama ulivyoungana, ni ubapa upi uko juu. Alitamani kuuweka chini, atoke nje, apande gari, aende popote. Badala yake aliuhamishia mkono wa kushoto. Vidole viliingia kwenye matundu kama vimepimiwa, kidole gumba kikalala mahali palipolika kwa gumba la mtu mwingine. Akaubana.

Nailoni ikakatika, moja kwa moja, bila sauti yoyote ya kubishana.

Akakata tena. Akakata utepe, akakata pembe ya bahasha, akakata ile karatasi ya taarifa kutoka juu mpaka chini, mstari ulionyooka kama wa kitambaa cha suruali, na machozi yakawa yanaangukia vipande. Nukta mara thelathini na tatu kushoto. Mzee alikuwa amelala pale anawaambia ndiyo, ndiyo, ndiyo, na binti yake yuko nje kwenye benchi, na swali lililomuua lilikuwa la binti yake. Au pengine akili yake ilikuwa imehama, pengine alikuwa amechoka kweli. Lakini kumtajia vitu avipendavyo haikuwezekana tena. Neno pengine ndilo pekee alilobakiwa nalo Mwantumu, lile lile ambalo Dakta alisema asimpelekee mtu.

Akaichukua karatasi nyingine, nyeupe, akafungua daftari la majina ya waliozimiwa. Angeweza kuanza kwa tarehe au kwa mtaa. Jina la kwanza aliloandika lilikuwa la Mwinjuma.

*

Mama yake alikuwa barazani barabara ya kumi na tatu, anachambua mchele kwenye ungo, kivuli cha paa la umeme wa jua kimemfika magotini. Alishangaa kumwona saa tisa mchana siku ya kazi, akamwuliza kama kuna msiba. Kisha akaona alichoshika.

"Mkasi wa baba yako huo. Umeuleta kunolewa? Si butu, mwanangu, ni vile tu."

"Sio butu, mama. Leo umenikatia. Nimeutumia kwa kushoto."

Mama aliuacha ungo. Halafu akacheka, kicheko ambacho Mwantumu hakuwa amekisikia tangu mazishi, kicheko cha mtu aliyeshikwa na siri tamu.

"Hatimaye! Alinikataza nisiwaambie nyie watoto. Alikuwa akijifungia chumba cha ndani akikata, maana nani angevaa nguo ya arusi iliyokatwa kwa kushoto, au sanda? Akitoka nje anashika cherehani kama watu wote. Mkasi aliuagiza mbali huo, miezi minane ulichukua." Alijifuta macho kwa upindo wa kanga, bado anacheka. "Hata pale kituoni kwenu waliponiuliza, nilisema anakula kwa kulia. Si ndivyo? Sikusema uongo."

"Hukusema uongo, mama."

"Basi njoo ukae. Mbona umesimama kama mgeni?"

Mwantumu aliuweka mkasi juu ya ungo, katikati ya mchele. Akavuta kigoda, akakaa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamshika mama yake mikono yote miwili, akaanza kumwambia.